Mafuta Niliyomimina Kwenye Gurudumu la Mkia

Sifa na shukrani ni zake Mungu aliyeniamsha asubuhi ya leo akanipa pumzi, na juu ya pumzi akanipa ujasiri ambao kwa muda mrefu sikuwa nao. Yeye huona yaliyofichwa, na bado hakunifuta katika nchi ya walio hai. Kwa jina lake naanza kusimulia.

Wapendwa wasomaji, mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja. Nyumbani kwangu ni Busibwabo, kijiji kilicho karibu na mpaka wa Uganda, ambako nalima mahindi na mihogo. Mke wangu alilala katika Bwana zamani, akaniachia binti mmoja, Nabwire. Kanisani nimekuwa mzee tangu nikiwa na nywele nyeusi. Nimefunga, nimekesha, nimewazika wengi na kuwaombea wengi. Sisemi haya kwa kujisifu... nasema ili mjue kwamba mtu anaweza kujua Maandiko na bado akamtendea mwenzake unyama!

Kazi niliyojulikana nayo zaidi ni kubariki vyombo vya usafiri. Mtu akinunua pikipiki, ananiita. Lori likitoka gereji, naitwa. Nilikuwa nikipanda kwenda Malaba, ambako malori hupanga foleni ndefu yakisubiri kuvuka kuingia Uganda, na madereva wakiniona tu kwa mbali walianza kupiga honi. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya zeituni niliyoyaombea. Naomba, kisha namimina pale penye shida.

"Mzee, ongeza hapo kwa gia boksi, hiyo ndiyo inanisumbua kutoka Mombasa!" mmoja alikuwa akisema.

"Wewe shida yako si gia boksi, ni wale wanawake wa Salgaa mnakolaza malori!" mwenzake alikuwa akimjibu. "Mzee, mmwagie yeye kichwani!"

Tulicheka. Niliwapenda wale vijana. Na kwa miaka yote hiyo sikuona lori lililoharibika kwa sababu ya mafuta yangu. Chuma cha lori kimezoea mafuta. Nani angefikiria kwamba kuna chuma kisichoyataka?

Basi kulikuwa na kikundi cha huduma ya Kikristo kilichokuwa na ndege ndogo. Uwanja wao ulikuwa wa nyasi tu, katikati ya mashamba, ukitoka Alupe kuelekea Chakol. Ndege hiyo ilibeba madaktari na dawa kwenda sehemu ambazo gari hufika kwa taabu. Haikuwa kama ndege mnazoziona kwenye picha. Hii ilikuwa na magurudumu mawili makubwa mbele, na moja dogo kabisa nyuma, chini ya mkia. Ikisimama, pua yake inatazama juu, kama jogoo anayetaka kuwika.

Rubani wake alikuwa dada mmoja jasiri, Kapteni Rehema. Na fundi wake... fundi wake alikuwa Emase, mwana wa Chakol, mume wa binti yangu Nabwire! Mkwe wangu mwenyewe.

Jinsi nilivyompenda kijana huyo, Mungu anajua. Alisomea kazi ya ndege, akafanya kazi mbali, kisha akarudi nyumbani kwa hiari yake kwa sababu alitaka kuhudumia watu wake. Alikuwa mtulivu na mwenye adabu. Tangu alipomwoa Nabwire hakuwahi kunitazama usoni moja kwa moja tukizungumza. Kwetu na kwao ni hivyo: mkwe haketi kiti kimoja na baba wa mkewe, hafanyi naye mzaha, na akiwa na neno zito hamwambii mwenyewe, anatafuta mtu wa kati. Nilifurahia heshima hiyo. Sikujua kwamba siku moja ingemfunga mdomo akiangamia!

Mimi pia nilikuwa mwanakamati wa kikundi kile. Kila ndege ilipokuwa ikiondoka na madaktari, nilikuwepo kuomba.

Shida ilianza hivi. Kapteni Rehema alirudi siku moja akiwa na hasira. Akasema akitua, lile gurudumu la mkia linatikisika kushoto na kulia kwa kasi ya ajabu, mpaka miguu yake inaruka kwenye pedali. "Nyuma kunalia kama posho mill ya kusaga mahindi," alisema. "Emase, nitang'oka meno!"

Emase akalala chini ya mkia na tochi yake. Alipotoka alitueleza kwa upole, kwa maneno ambayo hata sisi wakulima tuliyaelewa. Gurudumu lile limeshikwa na springi ya mabamba ya chuma yaliyopangwa, kama ya lori lakini ndogo. Springi ikichoka inalala, na mhimili unaozungusha gurudumu unainamia mbele badala ya kusimama wima. Hapo ndipo mtikisiko unapoanzia. Akaagiza springi mpya. Akabadilisha bushi zilizolika, akakaza minyororo inayounganisha gurudumu na usukani, akapima upepo wa tairi. Kapteni akaruka, akatua, akashuka akicheka. Gurudumu lilitulia kama mtoto aliyeshiba.

Wasomaji wangu, laiti ningerudi nyumbani siku hiyo! Lakini mimi ni nani nisiweke muhuri wangu? Nikaenda nyuma ya ndege, nikaomba kwa sauti, nikamimina mafuta kwenye gurudumu lile dogo, juu kabisa pale linapozungukia. Sikumimina tone. Nilimimina kama nilivyozoea Malaba. Kina mama waliokuwepo wakaitikia Amina.

Baada ya safari chache, mtikisiko ukarudi.

Mimi nikafanya nini? Nikaongeza maombi. Nikaongeza mafuta! Kadiri gurudumu lilivyotikisika, ndivyo nilivyomimina. Niliona kuna adui anayepigana na huduma ile, nami nikaapa sitashindwa. Emase alifungua, akasafisha, akafunga. Linatulia. Mimi namimina. Linatikisika tena. Watu wakaanza kunong'ona kwamba fundi huyu labda hajui kazi.

Nilisikia minong'ono hiyo. Nilimwonea huruma mkwe wangu... nikamwombea Mungu amfungue akili! Mnasikia maneno hayo? Mimi niliyekuwa naharibu kazi yake, ndiye niliyekuwa namwombea afunguliwe akili!

Asubuhi moja nilifika uwanjani nikamkuta amelifungua gurudumu lote na kulitandaza juu ya turubai. Kapteni Rehema alikuwa amechuchumaa kando yake. Emase alishika visahani viwili vya chuma, vyembamba, akaviinua kwenye mwanga.

"Kapteni, hivi ndivyo vinazuia gurudumu lisicheze," alisema. "Vinasuguana. Vikiwa vikavu, vinashika. Vikilowa mafuta, vinateleza, na hakuna tena kinachoshika. Hapa hapatakiwi mafuta kabisa. Na angalia... vimelowa chapachapa, na vumbi limeganda humo."

"Mafuta yametoka wapi?" Kapteni akauliza.

Emase aliendelea kuvigeuza vile visahani. Alikuwa ananiona viatu vyangu, najua. Hakuinua macho. Akasema, "Sijui, Kapteni. Nitavisafisha. Halafu nitaomba mtu yeyote, awe mgeni, awe mzee, asiguse hapa nyuma."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umeshika chupa. Nilielewa yote kwa mara moja. Ningeweza kusema pale pale, tukacheka, yakaisha. Kapteni angenitania mwaka mzima na ningestahili. Kwa nini sikusema?

Kiburi, wapendwa. Niliogopa kuitwa mjinga na watu walionizoea nikiwa mtu wa Mungu. Niliogopa vijana wa Malaba wangesema, huyo mzee mafuta yake yanaangusha ndege. Nikajidanganya kwamba nalinda jina la Bwana. Nililinda jina langu! Nikatikisa kichwa kama mtu anayesikitika, nikaondoka.

Nilijiambia sitarudia. Emase naye alishona mfuko wa turubai nzito, akaufunga kwenye gurudumu lile kila ndege ilipokuwa imesimama. Aliwaambia watu ni kwa ajili ya vumbi.

Ikafika siku ya safari kubwa. Madaktari wageni walikuwa wamekuja, na kina mama wa kanisa letu walifika na ngoma na nyimbo kuwaaga. Madaktari wangeenda kwa gari, na ndege ingetangulia na dawa na kurudi kuchukua mizigo mingine. Nikaomba. Nilipomaliza, watu wote wakabaki wananitazama. Walikuwa wanasubiri. Mama mmoja mwenye sauti nene akapaza sauti: "Mzee, na mafuta je? Ama leo umeyanywa?"

Wakaangua kicheko. Nikatazama huku na huku. Emase alikuwa mbele kwenye injini. Nikajiambia, kidogo tu, kwa ajili ya macho ya watu. Nikainama, nikafungua kamba ya ule mfuko, nikamimina... Mkono wenye mazoea hauna kidogo. Nikafunga kamba tena vizuri kama nilivyoikuta. Emase alipokuja nyuma, akavua mfuko wake, akatazama kwa haraka, na Kapteni akaita kwamba wingu linakuja. Ndege ikaondoka.

Iliporudi mchana, tulikuwa bado pale tukinywa chai. Ilitua vizuri mbele. Kisha mkia ukashuka, gurudumu dogo likagusa nyasi, na ile sauti ikaanza, ile ya kusaga mahindi! Mkia wote ukatetemeka. Mara gurudumu likageuka kando kabisa, na ndege ikajizungusha kama mbwa anayefukuza mkia wake. Bawa moja likachimba ardhi. Likavunjika. Vumbi likaifunika yote.

Tulikimbia. Emase alifika wa kwanza, akamtoa Kapteni Rehema akiwa anapiga kelele kwa maumivu. Bega lake lilikuwa limevunjika. Kina mama walilia. Nilipiga magoti kwenye nyasi, na watu wakadhani naomba. Sikuwa naomba. Nilikuwa nasema moyoni, nimemuua... nimemuua... Kumbe Mungu ni mwenye rehema, alikuwa hai.

Kamati ikakutana. Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu hapa ndipo kosa langu lilipogeuka kuwa dhambi ya wazi. Mtaalamu aliyekuja kuikagua ndege alisema visahani vya gurudumu la mkia vilikuwa vimelowa mafuta. Nani hufungua gurudumu lile? Fundi. Nani hubeba mafuta na grisi? Fundi. Mwenyekiti, mama mwenye haki na asiye na chuki, alimwuliza Emase kama ana la kusema.

Emase alisimama mlangoni. Alisema, "Mimi nilivifunga vikiwa vikavu."

"Sasa mafuta yaliingia yenyewe?"

Hakujibu. Mwenyekiti akageuka kwangu. "Mzee, huyu ni mtoto wako kwa ndoa. Wewe unasemaje?"

Kila mtu alinitazama. Mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa wazi kwa ajili yangu, na Mungu mwenyewe ndiye aliyeufungua! Nami nikasema nini? Nikasema, "Tumwachie Mungu."

Wakasema mzee amejitahidi asiwe na upendeleo. Wakanisifu! Emase akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na kwa sababu kazi ya ndege ni kazi ya watu wachache wanaojuana, habari zake zilifika kila mahali kabla yake. Hakuna gereji ya ndege iliyomtaka. Fundi aliyepaka mafuta mahali pasipotakiwa akamvunja rubani bega... nani atampa spana?

Akahamia Malaba, akawa anachomelea mageti na kutengeneza mikokoteni ya wale wanaovusha mizigo mpakani. Watoto wa mjini wakampa jina, "Kapteni Mkia." Walimwita hivyo akipita sokoni. "Kapteni Mkia, ndege yako imepaki wapi leo?" Yeye alitabasamu na kupita.

Nabwire alikuja Busibwabo na watoto wake, akalia mbele yangu. Alisema mumewe haongei tena nyumbani. Alisema, "Baba, nimemtetea mpaka nimechoka. Niambie ukweli, wewe ulikuwepo. Ni kweli alikuwa mzembe?"

Binti yangu mwenyewe! Nikamwekea mikono kichwani nikamwombea uvumilivu. Nilimwombea uvumilivu kwa ajili ya mume asiye na hatia, na mikono ni ile ile iliyomimina mafuta! Akaondoka ameamini kwamba mumewe alikosa. Niliona hivyo kwenye mabega yake. Nilikuwa nimemnyang'anya kijana kazi yake, jina lake, na sasa nilikuwa nikimnyang'anya mke.

Tangu hapo sikuweza kusali. Nilifungua kinywa, maneno yakakauka. Kanisani nilisimama mbele nikaona kila uso unajua. Hakuna aliyejua, lakini dhambi ina macho mengi. Siku moja nilikuwa nasoma Zaburi kwa sauti mbele ya watu, nikafika pale inaposema juu ya mtu kukaa kimya mpaka mifupa yake ikachakaa. Sikuweza kuendelea. Niliketi. Wakafikiri ni sukari imepanda, wakaniletea maji.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Malaba.

Nilimkuta Emase kwenye kibanda chake cha mabati, amevaa miwani ya kuchomelea. Aliponiona alizima mashine, akanitolea stuli, na yeye akaenda kusimama upande wa pili wa geti alilokuwa akilitengeneza, jinsi adabu inavyotaka. Tukazungumza tukiwa na vyuma katikati yetu, yeye akitazama chini.

Nilisema, "Emase, mafuta yale nilimimina mimi. Mara ya kwanza kwa kutojua. Mara ya mwisho kwa kujua."

Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane!

Akasema taratibu, "Baba, nilijua."

Nikadhani sikusikia vizuri. "Ulijua lini?"

"Siku ile ya visahani. Yalikuwa yananuka kanisa. Fundi wa ndege hana mafuta ya zeituni."

"Na siku ya kamati ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema, mwanangu? Kwa nini?"

Akavua glavu zake, akazikunja. "Ningesemaje? Nisimame mbele ya watu nimtaje baba wa mke wangu? Nabwire angenitazamaje? Nilishona ule mfuko. Nilidhani utaelewa." Kisha akasema neno ambalo litanifuata mpaka kaburini: "Na ulipoulizwa na Mwenyekiti, nilijua sasa utasema. Nilikuwa nimeshashukuru moyoni."

Wasomaji wangu... mimi nililia kama mtoto mchanga. Kijana yule alinifunika uchi wangu kwa turubai, nami nikafungua kamba kwa mkono wangu. Alinilinda mbele ya kamati, nami nikamwacha azame! Heshima aliyonipa ndiyo niliyoitumia kumzika.

Nilimwambia hatakaa na mzigo huo hata wiki nyingine. Nilikwenda kwanza kwa Nabwire, nikamweleza yote. Aliingia ndani akafunga mlango, na nikasikia analia jina la mumewe. Kisha nikaenda kwa Kapteni Rehema, ambaye hata sasa hainui mkono wake wote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mzee, mimi ningekufa. Si kwa mafuta yako. Kwa kimya chako." Nikasema ndiyo. Sikuomba anipunguzie neno hata moja.

Jumapili nikasimama kanisani, kamati yote imeketi mbele, nikasema kila kitu kama nilivyowaandikia ninyi. Nikavua uzee wa kanisa mbele ya watu. Wengine waliguna. Wengine walilia. Yule mama mwenye sauti nene alisema, "Na ni mimi niliyekuita umimine!" Nikamwambia hapana, mama, wewe uliita, mkono ulikuwa wangu.

Mwenyekiti aliondoka kanisani moja kwa moja mpaka Malaba. Sokoni, mbele ya wale wale waliomwita Emase Kapteni Mkia, alimwomba msamaha kwa niaba ya kamati, kwa sauti ya kusikika. Na Kapteni Rehema ndiye aliyewapigia simu watu wa kazi yao, mmoja baada ya mwingine, akawaambia habari walizosikia ni za uongo na kwamba yeye atapanda ndege iliyofungwa na Emase hata kesho.

Leo Emase ameitwa kazi mbali, kaskazini, kwenye ndege za wengine. Amekwenda na Nabwire na watoto. Ndege yetu haikuponyeka, na madaktari sasa huenda kwa gari, wakichelewa, na kuna wagonjwa wanaosubiri kwa sababu yangu. Hilo siwezi kulirekebisha. Nabwire hunipigia simu, anauliza nimekula nini, na tunazungumza habari za mvua. Emase hunisalimia kupitia kwake. Kama amenisamehe, hajasema, nami sitamharakisha. Mungu amenipa uvumilivu uzeeni, na huu ndio wakati wa kuutumia.

Ndugu zangu, na hasa ninyi wazee wenzangu mnaoheshimiwa! Msiache kuomba. Maombi hayakuvunja bawa. Lakini kabla hujaweka mkono kwenye kazi ya mtu mwingine, mwulize mwenye kazi: hapa naweza kugusa? Akikwambia hapana, ombea ukiwa umesimama mbali, Mungu ana masikio. Na ukikosa, sema siku hiyo hiyo, kosa likiwa bado dogo la kuchekwa. Usingoje bega la mwenzako livunjike.

Na mkumbuke kwamba anayewaheshimu sana hawezi kujitetea mbele yenu. Kunyamaza kwake msikufanye mahali pa kujificha. Nawasihi, msipite njia niliyopita mimi!

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Mungu wa rehema akulinde utokapo na uingiapo. Akupe ulimi mwepesi kukiri na moyo mpole kusamehe. Watoto wako wakuheshimu, nawe ustahili heshima yao. Amina.